Mficha maradhi kifo humuumbua: Somo la Dallas kwa Wizara ya Afya Tanzania

Na Mwandishi Wetu, Garland, Texas

MWAKA 2014 Ebola ilibisha hodi hapa Texas, na wale waliokuwa wakiamini kwamba nchi tajiri haiwezi kukutwa usingizini walipata jibu lao.

Raia wa Liberia, Thomas Eric Duncan, aliwasili Dallas Septemba 20 mwaka huo na kufikia kwa jamaa zake katika eneo la Vickery Meadow, lenye wakimbizi na wahamiaji wengi kutoka Afrika na Asia. Kutoka hapa Garland ni mwendo mfupi tu wa gari. Usiku wa Septemba 25 alikwenda hospitali akiwa na homa na maumivu ya tumbo. Muuguzi alimwuliza ametoka wapi, akajibu kuwa ametoka Afrika, na jibu hilo likaingizwa kwenye kompyuta. Halikufanyiwa kazi. Mgonjwa alipewa dawa za antibayotiki akarudishwa nyumbani. Septemba 28 alirejeshwa hospitalini kwa gari la wagonjwa, Septemba 30 vipimo vikathibitisha kuwa ni Ebola, na Oktoba 8 akafariki dunia. Wauguzi wawili waliomhudumia, Nina Pham na Amber Vinson, waliambukizwa. Bahati njema wote wawili walipona.

Ndugu msomaji, tafakari jambo hilo kwa makini. Hospitali ilikuwa na mashine za kila aina, na madaktari wake wamesoma. Taarifa muhimu kuliko zote, yaani mahali alikotoka mgonjwa, ilikuwa imeulizwa, imejibiwa na imeandikwa. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu: taarifa kutoka kwa aliyeipata na kufika kwa mwenye uwezo wa kuchukua hatua, kwa wakati.

Hapo ndipo penye kiini cha kile ambacho wataalamu wanakiita ufuatiliaji wa magonjwa. Watu wengi wakisikia neno hilo hufikiria maabara na darubini. Ukweli ni kwamba ufuatiliaji ni mnyororo wa watu: mama anayeona mtoto ana homa isiyo ya kawaida, mhudumu wa zahanati anayejaza daftari, mratibu wa wilaya anayepiga simu, fundi wa maabara anayepima sampuli, na mwisho kiongozi anayesimama mbele ya wananchi na kusema ukweli. Pete moja ikikatika, mnyororo wote hauna kazi.

Walichofanya baada ya kosa

Tunaloweza kujifunza kutoka Dallas haliishii kwenye kosa. Yaliyofuata yana uzito zaidi. Siku ileile majibu yalipopatikana, wakuu wa afya walitangaza hadharani, huku kamera za televisheni zikiwaka. Hospitali yenyewe baadaye iliomba radhi. Watu 48 waliodhaniwa kukutana na mgonjwa kabla hajalazwa walitafutwa mmoja mmoja, na baada ya wauguzi kuambukizwa idadi ya waliofuatiliwa ikafika 177. Kila mmoja alifuatiliwa kwa siku 21 akipimwa joto la mwili. Wa mwisho aliruhusiwa Novemba 7, 2014. Mbali na wauguzi wale wawili, hakuna mtu mwingine aliyeambukizwa Dallas, hata wale waliokuwa wakiishi na marehemu chumba kimoja.

Kiongozi wa Dallas County, Clay Jenkins, aliingia mwenyewe kwenye nyumba waliyokuwamo jamaa wa mgonjwa bila kuvaa mavazi ya kujikinga, kwa kuwa hawakuwa na dalili zozote, kisha akawaendesha kwa gari lake hadi makazi mapya. Wapo waliomlaumu. Lakini kitendo kile kiliwaambia wakazi, hasa wahamiaji wenye hofu ya serikali, kwamba kuwa karibu na mgonjwa si kosa la jinai. Mtu asiyeogopa kunyanyapaliwa hujitokeza. Anayeogopa hujificha, na ugonjwa hujificha naye.

Sheria isiyosubiri ruhusa

Hapa Texas kuna orodha ya magonjwa ambayo daktari, maabara, hospitali na hata shule hulazimika kisheria kuyaripoti. Mengine huripotiwa mara moja kwa simu, saa yoyote ya usiku au mchana. Mengine yana muda wa siku moja ya kazi, na mengine wiki moja. Taarifa huenda kwa idara ya afya ya mji au county, kisha kwenye idara ya jimbo iliyoko Austin, kisha katika kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilichoko Atlanta. Mji wa Garland, wenye wakazi karibu robo milioni, una idara yake wenyewe ya afya. Jina la mgonjwa hulindwa. Na jambo la msingi kabisa ni kwamba daktari anayeripoti hahitaji kumwuliza gavana kama habari hiyo itawafurahisha watalii.

Mfano wa karibuni ni surua. Mwishoni mwa Januari 2025 wagonjwa walianza kuonekana Gaines County, magharibi mwa Texas, mahali ambapo wazazi wengi hawakuwa wamewachanja watoto wao. Kwa miezi kadhaa idara ya afya ya jimbo ilitoa takwimu hadharani kwa ratiba inayojulikana, county kwa county. Zilikuwa takwimu za aibu kwa nchi iliyotangaza kuitokomeza surua mwaka 2000, lakini zilitolewa. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha Agosti 18, 2025, wagonjwa 762 walikuwa wamethibitishwa na watoto wawili wamefariki.

Houston nako kuna jambo la kuvutia. Tangu mwaka 2020 idara ya afya ya mji huo, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Rice, imekuwa ikipima maji taka ili kugundua virusi vya korona. Mtu anaweza asiende hospitali, lakini chooni ataenda. Mapema Januari 2025 watafiti waliopima maji taka ya Houston waliona chembechembe za virusi vya surua siku kadhaa kabla ya mji kutangaza wagonjwa wake wa kwanza wa mwaka huo. Maji machafu yalisema kabla ya watu kusema.

Hata hivyo, nisiwapambe Wamarekani kupita kiasi. Mwaka 2012 Dallas County ilikumbwa na homa ya West Nile inayoenezwa na mbu. Mitego ya mbu ilikuwepo na takwimu zilikuwepo. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa hesabu za mbu wenye virusi zilitoa ishara mapema, wiki kadhaa kabla ya ndege kuanza kunyunyizia dawa mwezi Agosti. Watu 19 walifariki. Na mwezi Machi 2025 serikali ya Washington ilipokata fedha za afya ya jamii, Dallas County ililazimika kupunguza wafanyakazi na kufuta kliniki za chanjo zaidi ya 50, wakati surua inasambaa katika jimbo hilohilo. Kwa hiyo hata mwenye nguvu huweza kujikata mguu mwenyewe.

Tanzania tunao uwezo

Sasa tugeuke nyumbani. Kuna tabia ya kudhani kwamba Tanzania haina mfumo wowote. Si kweli. Mwaka 1998 nchi wanachama wa WHO katika kanda ya Afrika zilikubaliana kuwa na mfumo wa pamoja wa kufuatilia magonjwa na kuchukua hatua, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuutekeleza. Februari 2016 nchi yetu ilikubali wataalamu wa nje waje kuipima uwezo wake wa kukabili milipuko, ikiwa ya kwanza duniani kufanya tathmini rasmi ya aina hiyo. Zahanati nyingi zilizokuwa zikituma fomu za karatasi kwa basi sasa hutuma taarifa kwa simu ya mkononi. Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, kupitia kituo cha SACIDS, kimetengeneza programu ya simu iitwayo AfyaData, ambayo mwanakijiji aliyefundishwa huitumia kuripoti dalili za ugonjwa kwa watu na kwa mifugo.

Na mfumo huo umeshafanya kazi. Julai 2022 wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, walionekana wagonjwa wenye homa, kichwa kuuma, uchovu na kutokwa damu puani. Uvumi ulikuwa mwingi. Wataalamu walikwenda, wakachukua sampuli, wakaondoa shaka ya Ebola, Marburg na korona, na ndani ya mwezi huohuo Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akatangaza kuwa ni leptospirosisi, ambayo wenyeji huiita mgunda. Wagonjwa walikuwa 20 na vifo vitatu.

Machi 2023 ikaja Kagera. Tarehe 16 wizara ilisema kuna ugonjwa usiojulikana Bukoba Vijijini uliokwishaua watu watano. Tarehe 21 ikathibitisha kuwa ni Marburg, mara ya kwanza katika historia ya Tanzania, na vipimo vilifanywa na maabara yetu wenyewe. Wagonjwa walikuwa tisa, waliofariki sita, na Juni 2 mlipuko ukatangazwa kwisha. Kwa ugonjwa ambao katika baadhi ya milipuko umeua karibu tisa kati ya kila wagonjwa kumi, hayo ni mafanikio ya kujivunia. Aliyesema "hatujui bado ni nini" tarehe 16 alifanya kazi kubwa sawa na aliyetaja jina la ugonjwa tarehe 21.

Ulimi ndio unaokwama

Tatizo letu, basi, mara nyingi haliko kwenye maabara. Liko kati ya maabara na kipaza sauti.

Itakumbukwa kuwa Desemba 2016 Dk. Mwele Malecela, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, alieleza matokeo ya utafiti ulioonyesha kuwa kati ya watu 533 waliopimwa, 83 walikuwa na dalili za maambukizi ya virusi vya Zika. Muda mfupi baadaye Rais John Magufuli alitengua uteuzi wake. Dk. Malecela alikwenda WHO, akapanda hadi kuongoza idara ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, na akafariki Geneva Februari 2022. Kila fundi wa maabara nchini alielewa somo la siku ile.

Septemba 2019 WHO ilitoa taarifa ya nadra, ikisema kwamba haikupewa maelezo ya kutosha kuhusu mgonjwa aliyefariki Dar es Salaam akishukiwa kuwa na Ebola. Serikali ilisema hakuna Ebola. Huenda ilikuwa kweli kabisa. Lakini nchi isiyotoa sampuli wala maelezo haiwezi kuaminiwa hata inaposema kweli, na Marekani na Uingereza ziliwatahadharisha wasafiri wao.

Mwaka 2020 ikaja korona. Mwezi Mei Rais Magufuli aliwaambia wananchi kuwa papai na mbuzi vimepimwa vikakutwa na virusi, na mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi. Takwimu zikakoma: wagonjwa 509, vifo 21. Dunia ilisoma namba hizo hizo kwa zaidi ya mwaka mzima huku watu wakizika. Mwaka huohuo kanuni za maudhui ya mtandaoni zilikataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa hatari bila idhini ya mamlaka husika. Rais Samia Suluhu Hassan alipoingia madarakani Machi 2021 aliunda kamati ya wataalamu, takwimu zikarudi, na Julai 24, 2021 dozi 1,058,400 za chanjo zikatua Dar es Salaam.

Tulidhani tumejifunza. Lakini Januari 14, 2025 WHO ilitangaza kuwa kuna wagonjwa tisa wanaoshukiwa kuwa na Marburg mkoani Kagera, wanane kati yao wakiwa wamefariki. Waziri wa Afya wa wakati huo, Jenista Mhagama, alisema sampuli zimepimwa na hakuna Marburg. Januari 20 Rais Samia, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alithibitisha kuwa ipo, wilayani Biharamulo. Mlipuko ulipotangazwa kwisha Machi 13, waliothibitishwa na waliodhaniwa kuugua walikuwa kumi kwa jumla, na wote walikuwa wamekufa.

Rais alifanya jambo sahihi. Lakini zile siku sita za katikati ni nyingi. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, ambazo Tanzania imeziridhia, zinaitaka nchi kuitaarifu WHO ndani ya saa 24 baada ya kubaini kuwa tukio linaweza kuvuka mipaka. Wataalamu siku hizi wanazungumzia lengo la saba, moja, saba: siku saba kugundua, siku moja kutoa taarifa, siku saba kuanza kudhibiti. Biharamulo iko njia panda ya Rwanda, Burundi na Mwanza. Siku sita barabara ile hupita watu wangapi?

Nini kifanyike

Kwanza, mtoa taarifa alindwe kwa sheria. Daktari, muuguzi au mtafiti anayeripoti ugonjwa kwa nia njema asifukuzwe wala kushitakiwa, hata vipimo vya baadaye vikionyesha kuwa haukuwepo. King'ora cha moto kikilia bila moto hatukivunji.

Pili, utangazaji wa milipuko uwe mikononi mwa wataalamu. Mganga Mkuu wa Serikali awe na mamlaka ya kisheria ya kutangaza, kwa muda uliowekwa, bila kusubiri ofisi ya kisiasa. Neno "tunachunguza" lisionekane kuwa ni udhaifu.

Tatu, taarifa irudi chini. Mhudumu wa zahanati anayetuma ripoti kila wiki bila kujibiwa hata neno moja, mwisho huandika sifuri ili amalize kazi. Akiambiwa ripoti yake ilisaidia kuokoa watu kijiji cha jirani, hataandika sifuri tena.

Nne, wahudumu wa afya ngazi ya jamii walipwe. Mapema mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 katika kipindi cha miaka mitano. Ni mpango mzuri mno, ila usiishie kwenye uzinduzi. Anayezunguka nyumba kwa nyumba na njaa tumboni hawezi kuwa jicho la taifa.

Tano, wafugaji wasikilizwe. Katika mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa wa mwaka 2006 na 2007, ulioua mamia ya watu Kenya, Somalia na Tanzania, wafugaji waliona mifugo inaharibu mimba kabla hospitali hazijajaa. Ofisa mifugo na mganga wa wilaya wakae meza moja.

Sita, tujigharimie. Januari 20, 2025, siku ileile Marburg ilipothibitishwa Dodoma, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuitoa Marekani katika WHO. Miezi michache baadaye shirika la USAID, lililogharimia sehemu kubwa ya miradi ya afya Afrika, lilifungwa. Mfumo unaotegemea mfuko wa jirani hufa siku jirani anapokasirika.

Na sisi tulioko nje

Wapo watakaosema ni rahisi kuandika haya ukiwa Texas, tena mwandishi uliyeko uhamishoni. Ndiyo maana nimeanza na kosa la Texas. Hoja si nani ana akili zaidi. Hoja ni nani anakubali kuonekana amekosea mapema, watu wakiwa bado hai.

Sisi wa Dallas, Fort Worth na Houston nasi tuna sehemu yetu. Ukirudi kutoka likizo Bukoba, Goma au Kampala ukaugua homa, mwambie daktari ulikotoka, na ukiona hajakusikia, rudia. Ukipokea kwenye simu sauti inayodai watu wanakufa mahali fulani, usiitume mbele kabla ya kuwauliza ndugu zako walioko pale, na uwaambie wapige 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Chanja watoto.

Hofu kubwa ya viongozi wetu siku zote imekuwa watalii na wawekezaji. Lakini mtalii haogopi nchi iliyosema "tuna wagonjwa wawili na tumewatenga". Anaogopa nchi iliyosema hakuna kitu, kisha ikazika kumi. Wahenga walikwishasema mficha maradhi kifo humuumbua. Wao hawakuwa na maabara, lakini kanuni ya kwanza ya ufuatiliaji wa magonjwa waliijua.